Bipola na kinga ya mwili: vinasaba vimesema nini hasa

Kuna habari inayozunguka huku kusini, Mtwara mjini, Masasi, hadi Nachingwea, kwamba wataalamu wamegundua bipola ni ugonjwa wa kinga. Habari hiyo ina mzizi wa kweli, lakini njiani imepunguzwa hapa na kuongezwa pale. Ikimfikia mama anayeuguza, huwa imegeuka mambo mawili, na yote mawili yanaumiza. La kwanza ni hofu: mtu wa kwetu akisikia "kinga" mawazo yanakimbilia UKIMWI, na mgonjwa anaanza kuangaliwa kwa jicho jingine. La pili ni ushauri wa kuweka dawa za hospitali pembeni na kunywa unga wa kuongeza kinga unaouzwa kwa kopo. Nimeona familia ikifuata ushauri huo wa pili, na mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa muda mrefu akarudi kulazwa.

Kilichogunduliwa ni kidogo kuliko hicho, ingawa kina uzito wake. Kati ya mamia ya sehemu za vinasaba zinazohusishwa na bipola, mojawapo iko kwenye eneo linalosimamia kinga. Zaidi ya hapo kuna dalili nyingine kwamba kinga na hisia za mtu vinagusana. Umbali kati ya maneno hayo na "bipola ni ugonjwa wa kinga" ni mkubwa, na ndio ninaotaka tuutembee taratibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wanaujua kwa jina la kichaa tu.

Chukua kijana wa Tandahimba, umri wake miaka ishirini na kitu, malipo ya korosho yameingia benki. Halali usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hachoki. Anaongea haraka mpaka maneno yanapandana. Ananunua pikipiki mbili, moja anampa mtu waliyekutana stendi siku hiyo hiyo. Anatangaza kwamba anajenga kiwanda cha kubangua korosho na kwamba wakubwa Dodoma wanasubiri simu yake. Ukimpinga anafura. Miezi kadhaa baadaye yule yule hatoki chumbani, haogi, chakula hakipiti, na anasema afadhali angekufa. Katikati ya vipindi hivyo huwa hana tatizo lolote: analima, anapulizia salfa mikorosho yake, anacheka na wenzake kijiweni.

Kipindi cha kwanza madaktari hukiita mania, cha pili sonona. Mania huhesabiwa pale hali hiyo inapodumu kwa wiki nzima au zaidi, au inapokuwa kali kiasi cha mtu kulazwa. Wapo wenye mania nyepesi zaidi, ambayo majirani huiona kama uchangamfu tu, na sonona nzito sana. Nao wana bipola, ya aina ya pili. Wengi wao huchelewa kutambuliwa kwa sababu hospitali wanakwenda wakiwa kwenye sonona, na hakuna anayewauliza kuhusu ule mwezi waliokuwa hawalali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na bipola, yaani takriban mtu 1 kati ya 200. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.8 katika mikoa ya Mtwara na Lindi kwa pamoja. Uwiano wa dunia ukiwa ndio wa huku, tunazungumzia watu kama 14,000. Hawa ni watoto wa watu, na wengi wao wanaambiwa wamerogwa kwa ajili ya pesa za korosho, au wamepandwa na jini, au bangi imewaharibu. Bangi kweli inaweza kuchochea kipindi cha mania kwa mtu ambaye tayari yuko hatarini. Lakini kijana ambaye hajawahi kuigusa anaweza kuugua vile vile.

Sasa, urithi. Swali la kwanza kliniki ni kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuugua hivyo, na huku kwetu swali hilo lina mtego wake. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa jadi wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Niliwahi kukaa pembeni muuguzi akiandika historia ya kijana mmoja, mama yake ameketi naye kwenye benchi, daftari la kliniki limekunjwa mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kwenye ukoo wenu kuna mwingine aliyewahi kuugua namna hii?"

"Hakuna. Wajomba zake wote wazima. Bibi yake amekufa na akili zake."

"Na upande wa baba yake?"

Mama alinyamaza kidogo. "Huko... baba yake mkubwa alikuwa na mambo yake. Mwaka huu anagawa mashamba, mwaka ujao amejifungia ndani, hasemi na mtu. Lakini huko si kwetu, mwanangu."

Muuguzi aliandika, na ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Mtoto anachukua nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, ukoo uhesabiwe kwa namna yoyote ile. Ukienda kliniki na mgonjwa wako, taja pande zote mbili, hata wale wasiozikwa makaburini kwenu.

Ushahidi kwamba bipola inarithiwa kwa kiasi kikubwa umetoka zaidi kwa mapacha. Pacha wanaofanana kabisa wana vinasaba vile vile. Pacha wasiofanana wanachangia kama ndugu wa kawaida. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003, pacha mmoja wa kufanana akiwa na bipola, mwenzake alikuwa nayo kwa takriban asilimia 40. Kwa wasiofanana ilikuwa takriban asilimia 5. Pengo hilo linaonyesha nguvu ya urithi. Lakini tazama pia upande wa pili: pacha wenye vinasaba vile vile, na bado zaidi ya nusu ya wenzao hawakuugua. Kuna mengine yanayoingia: maisha ya utotoni, maradhi, kukosa usingizi, misiba, na bahati tu ya jinsi ubongo ulivyojijenga.

Ndiyo maana takwimu unayoweza kuikuta, kwamba urithi unachangia asilimia 60 hadi 85, inasomwa vibaya na watu wengi. Haina maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuugua. Inazungumzia tofauti kati ya watu kwa ujumla wao, si hatma ya mtu mmoja. Kati ya watoto 10 wenye mzazi mmoja aliye na bipola, takriban 9 hawatakuwa na bipola. Msichana anayeogopa kuolewa kwa sababu baba yake ni mgonjwa anahitaji kuambiwa hilo waziwazi.

Kwa miaka mingi watafiti walitafuta jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba, inayoleta bipola na hawakuipata, kwa sababu haipo. Njia iliyokuja kufanikiwa ni ya kulinganisha watu kwa wingi mkubwa. Unachukua damu au mate ya maelfu ya wagonjwa na ya watu wasio na ugonjwa, unasoma mamilioni ya sehemu kwenye vinasaba (vinasaba ni kama maandishi marefu) ambako herufi hutofautiana kati ya mtu na mtu, kisha unauliza: kuna herufi inayoonekana mara nyingi kidogo zaidi kwa wagonjwa? Neno la kushika hapo ni "kidogo". Herufi yenyewe inaongeza hatari kwa kiasi ambacho mtu mmoja hawezi kukihisi maishani mwake, na watu wasio na ugonjwa wowote wanayo pia.

Mwaka 2021 muungano wa kimataifa wa watafiti wa vinasaba vya magonjwa ya akili ulichapisha matokeo ya watu 41,917 wenye bipola na 371,549 wasio nayo, wote wenye asili ya Ulaya. Sehemu 64 zilijitokeza. Mwanzoni mwa 2025 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 158,036 na watu milioni 2.8 wa kulinganisha nao, ukafikisha sehemu 298. Nyingi ya sehemu hizo ziko kwenye au karibu na jeni zinazofanya kazi katika ubongo, hasa pale seli za neva zinapopeana taarifa. Mojawapo, CACNA1C, inatengeneza mlango unaopitisha kalsiamu kwenye seli hizo. Ukiniuliza bipola iko wapi kwa mujibu wa vinasaba, jibu langu ni ubongoni kwanza. Kinga inakuja baadaye, tena kwa sauti ndogo.

Sauti hiyo inatoka kwenye kromosomu ya 6, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Hapo pana eneo lililojaa jeni za kinga, na mashuhuri kati yake ni zile za kundi la HLA. Kazi ya HLA ni kushika vipande vya protini vilivyomo ndani ya seli na kuvionyesha nje, ili askari wa kinga wapite na kukagua: hiki ni cha mwili, hiki ni cha mgeni. Mfaransa Jean Dausset alieleza ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, Watanzania wengi zaidi wamekutana na HLA bila kuijua kwa jina: kipimo cha kuona kama figo ya ndugu itakubaliwa na mwili wa mgonjwa kinaziangalia jeni hizo.

Hakuna eneo jingine la vinasaba vya binadamu ambalo watu wanatofautiana zaidi ya hapo. Sababu ni maradhi. Kila tauni iliyopita iliwaua wengine na kuwaacha wengine, na waliobaki walirithisha walichokuwa nacho. Sisi wa mwambao tunalijua hilo kwa damu yetu wenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu analindwa dhidi ya malaria. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Gambia walionyesha kwamba aina moja ya HLA, iitwayo B53, nayo inalinda dhidi ya malaria kali. Na virusi vya chikungunya vilitambuliwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 wa Uwanda wa Makonde, ambao wazee wa Newala walihadithia jinsi ulivyopinda watu viungo. Wapo waliopona homa ya chikungunya na kubaki na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Maradhi yanaweza kuondoka, kinga ikabaki imechachamaa.

Kwa hiyo eneo hilo likionekana kwenye ugonjwa wa akili, watafiti wanashtuka. Na hapo hapo wanakutana na ugumu. Jeni za eneo hilo zinarithiwa kwa pamoja, kama fungu la dagaa sokoni: huchagui mmoja mmoja, unachukua fungu lote. Ukikuta kwamba fungu fulani linaonekana zaidi kwa wagonjwa, bado hujui ni dagaa yupi ndani yake mwenye kosa, na pengine waliobaki wote hawana hatia.

Kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili ulio jirani na bipola kivinasaba, walifanikiwa kufungua fungu. Mwaka 2016 timu ya Marekani ilionyesha kwamba jeni iitwayo C4 ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ishara ya eneo hilo. C4 ni protini ya kinga inayoweka alama kwenye vimelea ili viliwe. Lakini ubongoni inaweka alama pia kwenye maungio kati ya seli za neva, na maungio yaliyowekwa alama yanapunguzwa. Ujana ni wakati wa upunguzaji huo kwa kila mtu. Ukizidi, kuna madhara. Ugunduzi huo ulisisimua sana, na ulistahili. Wengi wakatarajia bipola itafuata njia ile ile.

Haikufuata. Kwenye utafiti wa 2021 watafiti waliijaribu C4 moja kwa moja na hawakupata uhusiano na bipola. Ishara yenye nguvu zaidi ya eneo hilo ilikuwa umbali wa herufi zaidi ya milioni 3 kutoka kwenye jeni za HLA na C4, ndani ya jeni nyingine iitwayo BTN2A1. Nayo ni ya kinga: inashiriki kuamsha aina fulani ya seli T, askari wa kinga, zile zinazoitikia vimelea kama vya malaria na vya kifua kikuu. Msomaji wa huku anaweza kurukia hapo na kusema, basi malaria ndiyo chanzo. Namwomba asiruke. Kwanza, jirani ya jeni hiyo kuna jeni nyingine nyingi zilizofungwa nayo kwenye fungu moja, na haijathibitishwa kwamba yenyewe ndiyo yenye kazi. Pili, jeni kushiriki katika kupambana na malaria hakufanyi malaria kuwa chanzo cha kila kitu ambacho jeni hiyo inagusa.

Kwa nini basi mjadala wa kinga hauishi? Kwa sababu kuna ushahidi wa nje ya vinasaba, na baadhi yake ni wa nguvu.

Denmark inaweka kumbukumbu za hospitali za kila raia. Mwaka 2013 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya watu milioni 3.56. Waliowahi kutibiwa hospitali kwa ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe walikuwa na hatari ya magonjwa ya hisia, yaani sonona na bipola, iliyozidi ya wengine kwa asilimia 45. Waliowahi kulazwa kwa maambukizi, asilimia 62. Zamani wagonjwa wa homa ya ini walipotibiwa kwa interferoni, dawa inayoiga ishara ya kinga, wengi walipata sonona ambayo hawakuwa nayo kabla. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ambayo wagonjwa wengi wa pumu huku wanaijua, inaweza kwa baadhi ya watu kuwasha mania. Na damu ya watu walio kwenye kipindi cha mania mara nyingi huonyesha protini za kinga iliyochachamaa, kama CRP, zaidi ya kawaida.

Yote hayo ni kweli, na bado hayajibu nani alimtangulia mwenzake. Mtu asiyelala siku tano, kinga yake huchachamaa kwa kukosa usingizi tu. Sigara inapandisha CRP. Unene unapandisha CRP, na baadhi ya dawa za bipola zinanenepesha. Aliyelazwa Denmark kwa maambukizi huenda alikuwa na maisha magumu ambayo yangemletea sonona hata bila maambukizi.

Njia ya kujibu ni kutibu kinga na kuona kama bipola itapungua. Imejaribiwa. Nchini Pakistan watu 266 waliokuwa kwenye sonona ya bipola walipewa minosaiklini au selekoksibu, dawa zinazotuliza kinga iliyochachamaa, zote mbili, au vidonge visivyo na dawa, juu ya matibabu yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na dawa hizo hazikuwa bora kuliko vidonge vitupu. Mwaka mmoja kabla yake, watu 60 walijaribiwa infliksimabu, dawa nzito ya kuzuia ishara moja ya kinga. Kwa jumla haikusaidia. Waliopata nafuu walikuwa kikundi kidogo, wale waliowahi kuteswa utotoni, na tokeo la kikundi kidogo namna hiyo linahitaji kurudiwa kabla ya kuaminiwa. Mimi nasoma hivi: huenda kuna wagonjwa wachache ambao kwao kinga ni sehemu kubwa ya tatizo, na bado hakuna kipimo cha kuwatambua.

Sasa rudia wazo la unga wa kuongeza kinga. Dalili nyingi nilizozitaja hapo juu zinaelekea upande wa kinga iliyochachamaa. Hakuna hata moja inayosema kinga ya mgonjwa wa bipola imepungua. Anayemuuzia mama wa watu kopo la kuongeza kinga ili litibu bipola anauza kitu ambacho utafiti anaoutaja haumuungi mkono hata kwa mbali. Na kuacha dawa ghafla, hasa lithiamu, dawa ya kutuliza bipola, ni mojawapo ya njia za uhakika zaidi za kumrudisha mtu kwenye mania.

Jambo jingine linaloniuma ni nani aliyepimwa. Mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba asilimia 79 ya watu wote walioingia kwenye tafiti za vinasaba za aina hii duniani walikuwa wa asili ya Ulaya, ambao ni asilimia 16 tu ya watu wa dunia. Utafiti wa bipola wa 2025 uliongeza watu wa Asia Mashariki, Wamarekani wenye asili ya Afrika na Walatino, na ni hatua njema. Lakini Mmarekani mwenye asili ya Afrika hawezi kusimama badala ya Mmakua wa Masasi na Mmwera wa Nachingwea. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, na eneo la HLA ndilo lenye tofauti nyingi zaidi ndani ya vinasaba. Ukikutanisha mambo hayo mawili utaona kwamba sehemu ya utafiti huu inayohusu kinga ndiyo isiyohamishika kirahisi kutoka Copenhagen kuja Mikindani.

Kuna juhudi. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli za watu wenye skizofrenia, bipola na magonjwa ya karibu nayo, pamoja na wasio wagonjwa, katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Faida ya kuwa na Waafrika kwenye utafiti si heshima tu. Vinasaba vyetu vimechanganyika kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo yale mafungu yamevunjika vipande vidogo zaidi, na ni rahisi kuona ni jeni ipi hasa inayohusika. Ningependa kuona nchi yetu nayo kwenye orodha kama hiyo, na sampuli za kusini zikiwemo. Hadi hapo, yeyote anayekuuzia kipimo cha vinasaba akisema kitaonyesha kama mwanao atapata bipola, mwambie hapana. Alama za hatari, yaani hesabu ya herufi zote za hatari alizonazo mtu, zilizotengenezwa kwa damu za Wazungu zinafanya kazi vibaya kwa Waafrika, na hata kwa Wazungu wenyewe hazitoshi kutambua ugonjwa kwa mtu mmoja.

Kuna mahali pamoja ambapo jeni za HLA zinamgusa mgonjwa wa bipola moja kwa moja leo, tena kwenye ngozi yake. Ni dawa ya kabamazepini. Inatumika kwa kifafa na kwa bipola, bei yake ni nafuu, na wengi wanaifahamu. Kwa watu wachache sana inaamsha kinga ikaishambulia ngozi: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni na sehemu za siri, kisha ngozi inababuka kama ya mtu aliyeungua. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walipima wagonjwa 44 waliopatwa na janga hilo na wote 44 walikuwa na aina moja ya HLA, B*15:02. Kati ya 101 walioitumia dawa hiyo bila shida, walikuwa nayo 3 tu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza wenye asili ya Asia wapimwe kabla ya kuianza. Aina hiyo ni adimu kwa Waafrika, lakini janga lenyewe linaweza kumpata yeyote, na wanaoishi na VVU wana hatari kubwa zaidi ya madhara ya aina hii kutokana na dawa kadhaa, ikiwemo kotrimoksazoli ambayo wengi huiita septrini.

Kwa hiyo mgonjwa wako akianzishiwa kabamazepini, mwangalie ngozi na mdomo kwa wiki za mwanzo, hasa miezi miwili ya kwanza. Upele ukitokea pamoja na homa au vidonda mdomoni, asimeze kidonge kinachofuata. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na boksi la dawa liende naye. Nawasihi hata wale walio Liwale ndani kabisa, ambako safari ni ndefu: hili halisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kabla ya dawa yoyote, mtu anayeanza kuchanganyikiwa kwa mara ya kwanza apimwe malaria, sukari, VVU na kaswende. Yote manne yanaweza kuleta hali inayofanana na mania, na matibabu yake ni tofauti. Huku ambako malaria ni kubwa, kipimo hicho cha kwanza kinaokoa maisha. Msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba aulize mapema kuhusu sodiamu valproeti, dawa nyingine ya bipola, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni.

Wale wanaotumia lithiamu wana habari yao kwenye upande wa vinasaba. Mwaka 2018 utafiti wa wagonjwa 2,586 kutoka nchi mbalimbali ulikuta kwamba wenye mzigo mkubwa wa vinasaba vya skizofrenia waliitikia lithiamu vibaya zaidi, na jeni za HLA na za ishara za kinga zikajitokeza kwenye uchambuzi. Inavutia, lakini bado haimwambii daktari wa hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, ampe nani lithiamu na nani asipewe. Anachohitaji ni kipimo cha kiwango cha lithiamu kwenye damu, pamoja na figo na tezi ya shingo, kwa ratiba.

Na mgonjwa mwenyewe anahitaji kujua kwamba jua na jasho vinapandisha kiwango hicho. Anayeshinda shambani anywe maji ya kutosha na asiache chumvi ghafla. Akipata maumivu ya mgongo au jino, asinunue diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa, kwa sababu zinazuia figo kuitoa lithiamu. Atumie parasetamoli na aulize kliniki. Mikono ikianza kutetemeka sana, akihara, akitapika au akiyumba anapotembea, asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa na mtoa huduma.